Onesha Mwenyewe Linalouma

Maduhu alikuwa akishuka kwenye shimo la dhahabu kwa kamba tu, tena akipiga mluzi. Lakini mtajie kung'oa jino uone. Mwanaume mzima, mabega mapana, ghafla anakumbuka ana kazi mahali.

Msimu huu alikosa pa kukimbilia. Meno ya upande wa kulia yalimtesa, hali wala halali. Na binti yake Dorah, wa darasa la pili, naye jino lake lilitoboka, shavu likavimba. Mama yake, Scolastika, alimbembeleza waende Kahama kwa daktari. Mtoto akakataa katakata.

"Baba atangulie. Akirudi akisema haiumi, nami nitaenda."

Nyumba nzima ikamgeukia Maduhu. Angesemaje? Akaenda, Scolastika akimsindikiza.

Daktari alikuwa dada mmoja aitwaye Generosa. Alimgusa jino la juu kwa pamba ya baridi, Maduhu akatulia. Alipogusa la chini, mgonjwa akaruka.

"Bovu ni hili la chini, baba."

"Dokta, mimi linaniuma la juu. Jino langu mwenyewe nisilijue?"

"Mishipa ya meno ya upande mmoja, ya juu na ya chini, inapeleka habari sehemu moja ubongoni, na ubongo unachanganya. Halafu unaogopa. Ubongo ukiogopa unaongeza maumivu, kama mtu anayefungulia redio mpaka mwisho. Nitakuchoma ganzi. Hebu nikulaze."

Kiti kikalala naye, uso wa daktari ukamwinamia, na Maduhu hakuwa tena Kahama. Alikuwa mtoto, kwao Mhunze: wajomba wamemkalia kifuani na miguuni, mzee mmoja ameshika koleo, na watu wanamcheka kwamba mtoto wa kiume analia. Jasho likamtoka, moyo ukaenda mbio, na jino likawaka kuliko lilivyowahi kuwaka. Akashuka kitini.

"Hata jino lenyewe halijui huyu," alimwambia mkewe nje, kwa hasira ya mtu aliyeonewa.

Machimboni kulikuwa na Edward, fundi wa mashine za kusaga mawe, aliyeng'oa meno ya wachimbaji. Kwake hulazwi. Unakaa kwenye ndoo, unakunywa gongo mpaka ulimi unalegea, kisha unaonesha mwenyewe linalouma, naye anang'oa hilohilo bila kuuliza. Maduhu akanywa, akaonesha la juu.

Pombe ilipomtoka, juu palikuwa na pengo na chini palikuwa palepale, panawaka moto.

"Si ulionesha mwenyewe, kaka?" Edward akamwambia.

Maduhu akarudi Kahama kichwa chini. Generosa alilitazama pengo jipya, akasema "pole" tu. Maduhu akafumba macho, akakamata kiti. Sindano ikafinya kidogo, mdomo ukawa mzito, akasikia kama anasukumwa.

"Tayari, baba."

"Tayari nini?"

Alipooneshwa jino, akalia. Daktari alidhani anaumia. Hakuwa anaumia hata kidogo, na hilo ndilo lililomliza: miaka yote ile ya kuogopa, na jino zima alilolitupa kwa ujinga wake.

Nyumbani alikuta wachimbaji wenzake wamekuja kumpa pole, wamejaa uani, wanayatazama macho yake mekundu. Dorah akapenya katikati yao, mkono shavuni.

"Baba, inauma?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Haiumi, mwanangu. Lakini akiwaambia hivyo, wanaume hawa watauliza alikimbia nini mara ya kwanza, na sasa analilia nini.

"Sana," akasema. "Basi tu baba yako ni mwanaume."

Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Dorah akashusha mkono.

"Langu limeshapona," akasema.

Jioni Maduhu, mdomo ungali mzito, alimtazama Dorah akitafuna ugali kwa upande mmoja, machozi yakimlengalenga. Alipoona baba yake anamwangalia, akajikaza, akatabasamu.