Sanduku Lenye Kufuli

Ukutani mwa karakana ya vioo palikuwa na sanduku la huduma ya kwanza, jeupe, lenye mlango wa kioo na kufuli kubwa utadhani ndani mna dhahabu. Ufunguo alikaa nao Msimamizi. Alisema bandeji zinaibwa na wafanyakazi hawana adabu.

Siku kioo cha dirisha kilipomponyoka Shemeji na kumpasua kiganja, Msimamizi alikuwa ametoka, na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Almasi, kama walivyomwita kwa sababu ya kifaa chake cha kukatia vioo, chenye ncha ya almasi, alifika wa kwanza. Shemeji alikuwa mume wa mdogo wake, mtu wa utani kutwa nzima, na sasa alikuwa ameukodolea macho mkono wake, damu ikimchuruzika hadi kiwikoni. Mwenzao mmoja akaja mbio na unga wa kahawa, mwingine na tambara la kufutia mashine. Almasi aliwafukuza wote wawili. Kipande cha kioo kilikuwa kimezama ndani ya jeraha, na aliyenyoosha mkono akichomoe alipigwa kofi vidoleni.

Akachukua nyundo, akavunja mlango wa sanduku.

Maboksi yalikuwa yamepangwa yakapangika. La bandeji lilikuwa tupu. La pamba, tupu. Chupa ya dawa ilikuwa imekauka zamani. Hasira zilimpanda Almasi mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe siku zote hizo walikuwa wakinyenyekea kufuli linalolinda hewa!

Alivua mtandio wake, safi, akaukandamiza kandokando ya kile kipande bila kukigusa, akauinua mkono wa Shemeji juu ya kifua na hakuuachia mpaka hospitali. Daktari alikitoa kioo, akasafisha na kushona, akamchoma na sindano ya pepopunda. Alisema kingevutwa ovyo kule kazini, vidole viwili visingekunjika tena.

"Shemeji," mgonjwa akasema, "leo umenishika mkono mbele za watu. Mdogo wako tutamwambia nini?"

Almasi alicheka, machozi yakamtoka.

Almasi aliporudi karakanani, Msimamizi hakuuliza habari za mkono. Aliuliza nani kavunja sanduku.

"Kesho wanakuja wakaguzi," akasema. "Kata kioo kingine, ukiweke leo leo."

Akaenda zake nyumbani. Almasi akakata kioo kwa ufundi wake wote, akakibandika, akakisugua kikang'aa.

Asubuhi Msimamizi aliwaongoza wageni hadi ukutani, akitabasamu, mkono umeshanyooka kuonyesha, ndipo naye akaona. Nyuma ya kioo kipya, maboksi yote yalikuwa wazi, matupu, na mbele ya maboksi umekunjwa mtandio ulioganda damu.

"Fungua," mkaguzi akasema.

Msimamizi alipapasa mfuko huu na ule. Almasi, kichwa wazi, alisimama akamngoja autoe ufunguo.