Mchinjaji Asiyeona Karibu

Kila asubuhi Yasin alijaribu makali ya kisu kwa ukucha wa kidole gumba, si kwa macho. Asubuhi hiyo alikuwa amekipitisha kwenye jiwe la kunolea mara mbili tu pale fahali mweusi aliposukumwa ndani kabla ya wakati wake, na Titus, msimamizi wa kichinjio, akaita kutoka mlangoni kwamba mkaguzi wa nyama ana safari, mchinjaji aache kubembeleza chuma.

Yasin akavaa miwani. Ilikuwa minene, imefungwa kisogoni kwa kamba ya kiatu.

"Hiyo chupa vua," Titus akasema. "Wateja wako hapo nje. Wakijua unapapasa, nani atanunua?"

Kipofu hakuwa. Ng'ambo ya ua alimwona Mama Kulthum wa Matungu ameketi juu ya kreti ya soda, hata maua ya leso yake aliyaona. Vya karibu ndivyo vilivyomkimbia: kisu, vidole vyake, koo la mnyama. Alipotimiza miaka arobaini na minne, vilikuwa vimegeuka ukungu.

Wiki iliyopita Daktari Lynette wa kliniki ya macho mjini alimchorea jicho nyuma ya bahasha. Lake ni fupi, akamweleza, ndiyo sababu picha ya kitu cha karibu inaangukia nyuma ya mahali pake. Kuna leza inayochonga ngozi angavu ya mbele ya jicho mpaka ibinuke zaidi, ila kwa namba ya miwani yake na umri wake asingemshauri. Kuna lenzi inayopachikwa mbele ya ile ya kuzaliwa, lakini ndani ya jicho lake hapakuwa na nafasi. Njia iliyomfaa ni kuitoa lenzi yake na kuweka nyingine. Yasin alitoka akiwa na ile bahasha mfukoni kama barua ya posa. Siku ya tatu bima wakarudisha fomu: mgonjwa anaona mbali vizuri, karibu anasaidiwa na miwani, upasuaji si wa lazima.

Sasa, mbele ya Titus, akavua miwani, akaitia mfukoni.

Barasa, mchunaji, alikuwa ameshamlaza fahali kwa ubavu pamoja na Weldon, mfanyakazi mwenzake, miguu imefungwa, naye Barasa ameegemea bega la mnyama. Yasin akapiga magoti, akatafuta koo kwa mkono wa kushoto.

"Mwalimu," Barasa akatania, "unamchinja ama unamtongoza?"

Yasin akasoma bismillahi, akavuta kisu.

Kikagonga mfupa. Alijua kwa sauti kuwa ni taya. Fahali akapiga mateke, kamba ikakatika, akainuka na pembe ikazama pajani mwa Barasa, ikamnyanyua na kumbamiza ukutani. Barasa akalia mlio ambao Yasin hakuwahi kuusikia kwa mtu. Fahali alizunguka sakafuni, taya likining'inia, akiteleza kwenye damu yake na ya Barasa. Weldon akachukua shoka la kupasulia mifupa, akampiga kati ya pembe. Akampiga tena. Kwa pigo la nne mnyama akaanguka, akatetemeka, akatulia.

Yasin akamfikia kwa magoti, akakata koo, safari hii mahali penyewe. Damu haikuruka. Ilitiririka polepole tu, bila nguvu. Kibudu: amekufa kabla ya kuchinjwa, si halali tena.

Walimpakia Barasa kwenye mkokoteni wa nyama apelekwe hospitali, paja limefungwa kwa aproni ya Yasin. Uso wake ulikuwa kama majivu.

"Mwalimu, ulikuwa unaangalia wapi?"

"Kamba ilikuwa mbovu," Yasin akasema.

Titus aliipenda hiyo sababu. Akaamuru maji yamwagwe, mnyama achunwe, kichwa kifunikwe gunia. Mkaguzi akaja na muhuri wake, akagonga paja, akagonga bega, hakuuliza gunia limefunika nini. Kisha Titus akamwambia Yasin taratibu, kama anayemwonea huruma, kwamba neno moja tu na Waislamu wote watahamia kichinjio kingine, naye atarudi Butali kukata miwa, kama huko watamtaka mtu asiyeuona mguu wake mwenyewe.

Mama Kulthum akaingia na ndoo zake mbili. Wakasalimiana kwa salamu ndefu. Akasema leo hanunulii hoteli, ni arobaini ya marehemu mamake, masheikh wanatoka mpaka Mumias. Halafu akauliza swali lake la kila wiki, lile moja tu.

"Umechinja wewe mwenyewe?"

Siku zote Yasin alijibu alhamdulillah, naye Mama Kulthum akainua ndoo apimiwe. Mkono wa Titus ukamtua begani, mzito.

Yasin akatoa miwani mfukoni. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Akaivaa, akatazama viganja vyake kwanza. Damu ilikuwa imekauka kwenye mistari yote.

"Usinunue, mama. Amekufa kwa shoka, mimi nimekata mzoga. Na aliyemuumiza Barasa ni mimi, si kamba."

Vidole vya Titus vikambana. Ndoo ya Mama Kulthum ikagusa sakafu.

"Sioni karibu," Yasin akasema. "Mwaka mzima sasa nachinjanga kwa kupapasa, na kila ukiniuliza nakuficha."