Maneno Yaliyoandikwa Chini ya Picha

Fidelis Haule alikuwa mtu wa kuzikasirikia filamu, na watu wa Njombe walimpendea hasira hizo. Kila Jumamosi saa kumi alasiri redio ndogo ya mjini ilimpa nusu saa ya kuchambua filamu mpya, na hata mafundi seremala walizima mashine ili wamsikilize. Alikuwa amefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka kumi na tisa. Chaki aliiacha, kusahihisha hakuacha.

Jumamosi hiyo alianza na filamu ya mapigano.

"Bastola moja imetoa risasi arobaini na mbili bila kujazwa! Mnadhani sisi huku hatujui kuhesabu?"

Akaja kwenye filamu ya mapenzi. "Wamepigia picha hapa hapa Njombe, mwezi wa saba, asubuhi. Binti kavaa kigauni cha mikono wazi na wala hatetemeki. Mimi hapa studio nina makoti mawili!" Ya vichekesho aliimaliza kwa pumzi moja: "Mwanamume kuvaa gauni na kuanguka kwenye matope si kichekesho. Ni ajali."

Alipofika kwenye ya nne, sauti yake ilishuka. Ilikuwa filamu ya kutisha, *Moshi wa Saa Tisa*, kazi ya kijana aitwaye Elieza.

"Humo kuna bibi mmoja ambaye hata jina lake hawakuliandika. Anatikisa kibuyu, anatema mate, anaigeukia kamera na kusema, 'Ukoo huu nitaumaliza mmoja mmoja.' Mwili wangu ulisisimka. Hao waigizaji wakubwa waende wakajifunze kwake namna ya kucheza mchawi."

Jumanne asubuhi bibi huyo aliingia studio.

Alikuja na mkwe wake, Dainess, kutoka Mdandu. Alijifunga kitenge juu ya sweta la kijani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya jikoni. Fidelis alimtambua mara moja, akainuka kwa furaha.

"Shikamoo, bibi! Msanii wetu!"

Bibi Oktavia hakuitikia. "Wewe ndiye uliyesema nacheza uchawi vizuri?"

"Ndiyo, bibi. Nilikusifu."

"Mimi sikucheza kitu. Nilikuwa nyumbani kwangu."

Dainess ndiye aliyeeleza yaliyotokea. Vijana wanne walifika Mdandu na kamera, wakasema wanatengeneza filamu ya ulanzi, pombe ya mianzi, jinsi wazee wanavyougema na kuuonja. Bibi akawakaribisha. Akatikisa kibuyu, akaonja, akakuta umechacha, akatema. Mvua ilikuwa inaanza, na vijana wamesimama nje na mashine zao. Akawageukia, akasema nao kwa Kibena.

"Alisema nini?" Fidelis aliuliza. Yeye alikuwa mtu wa Ludewa, wa ziwani. Kibena alijua salamu tu.

"Alisema, 'Ingieni ndani, wanangu, mnalowa,'" Dainess akajibu. "Hayo ya kumaliza ukoo wameyaandika wao chini ya picha."

Fidelis akakaa. Miaka yote hiyo alihesabu risasi na kukagua nguo, na kwenye filamu hii alisoma maandishi ya mtu mwingine akayaamini kama yalivyo.

"Lakini wanaojua Kibena si watawaeleza wengine?"

"Wanaojua Kibena wanacheka," Bibi Oktavia alisema. "Wasiojua wananiogopa. Halafu wewe ukasema redioni. Watu wakasema, hata mwalimu kaona. Alhamisi iliyopita, kabla hata hujasema, wengine walikataa kuja kusali nami kwa sababu ya filamu tu. Wiki hii sala ya jumuiya ni zamu ya nyumba yangu, na jana wameniletea ujumbe kwamba watasali kwa jirani yangu Mektilda. Nimesali na hao watu tangu nilipoolewa. Kwetu ajuza mwenye macho mekundu akiitwa mchawi, unajua yanayomfuata? Au hayo huchambui?"

Fidelis alichukua simu akampigia Elieza, ambaye alikuwa Makambako akionyesha filamu yake kwenye ukumbi wa video karibu na stendi. Mchana huo huo wote watatu walishuka Makambako.

Ukutani pa ukumbi palikuwa na bango. Uso wa Bibi Oktavia ulijaa bango zima, na chini yake yameandikwa maneno ya Fidelis mwenyewe: "Waende wakajifunze kwake." Fidelis alilichana vipande viwili. Elieza akatoka mbio.

"Mwalimu! Si wewe uliyetusifia?"

"Umemdanganya huyu mama, ukamwekea maneno ambayo hakuyasema!"

"Ni sanaa, mwalimu. Watu wanajua ni maigizo."

"Watu gani? Waliohamisha sala?"

"Kwani hukuweza kuuliza kabla ya kusifia?" Elieza alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Walipokuwa wanabishana, Bibi Oktavia aliwapita akaingia ndani. Mabenchi yalijaa madereva wa malori na wauza mahindi. Alikwenda moja kwa moja mbele, akasimama kando ya skrini, mfupi, kitenge kikiwa kimekazwa kiunoni. Watu wakaanza kupiga kelele aondoke. Ndipo uso wake ukatokea pale ukutani, mkubwa, na chini yake yale maandishi.

"Hapo," alisema kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha shule ya misheni, "nawaambia hao vijana waingie ndani, mvua isiwanyeshee. Na hicho ni kibuyu cha ulanzi. Umechacha, ndiyo nimetema. Mimi naitwa Oktavia. Nani kati yenu nimemroga?"

Mtu mmoja alicheka peke yake. Dereva wa mbele akavua kofia. "Shikamoo, mama," alisema taratibu. Lenard, mwenye ukumbi, alisimama nyuma akitazama wateja wake. Kisha akazima mashine.

Elieza aliahidi kukitoa kipande kile, na alikitoa. Lakini nakala za kwanza zilikuwa zimeshaingia kwenye simu za watu, na hakuna aliyeweza kuzifuata huko.

Jumamosi Fidelis hakuchambua filamu yoyote. Alisema redioni alichofanya, bila kujitetea, kisha akamwachia Bibi Oktavia kipaza sauti aongee Kibena muda wote uliobaki. Alipomaliza, Fidelis alimuuliza kama amemsamehe.

"Leo umesema vizuri," bibi alijibu. "Na ile siku nyingine pia ulisema vizuri."

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisali kwake. Walizoea kuwa kumi na wanne; walikuja tisa. Mektilda alikuja, akakaa karibu na mlango, wala chai hakunywa.

Wiki hiyo Bibi Oktavia alipeleka malalamiko polisi dhidi ya Elieza. Askari alihitaji shahidi wa kuandika maelezo. Fidelis alikubali, akaandika kurasa tatu, pamoja na sehemu yake mwenyewe: kwamba alimsifu "mchawi" redioni bila kuuliza. Askari alisoma, akainua macho.

"Mwalimu, hapa umejishtaki na wewe."

"Acha hivyo hivyo," Fidelis alisema, akatia sahihi.