Luther Moyer na Pointi Zilizofutwa

Kama kuna mtu aliyeuchukia mfumo wa kufuta pointi kuliko Luther Moyer, basi mtu huyo hajazaliwa, au amezaliwa na hajajifunza kusema. Kila Septemba, kwenye kambi ya nyuma ya uwanja wa mbio, kule kwenye mashamba ya mahindi ya Pennsylvania, watu walijaa chini ya turubai lake la buluu kumsikia akiulaani. Sauti alikuwa nayo, hoja alikuwa nazo, na alikuwa na sufuria ya supu ya kuku na mahindi ambayo ukishaionja huoni tena sababu ya kumbishia mwenye sufuria.

Mbio zenyewe ni fupi kuliko chafya. Magari mawili marefu, membamba kama penseli, yanasimama bega kwa bega. Taa ya kijani inawaka, ardhi inatikisika mpaka meno yanagongana, na kabla hujameza mate moja limeshashinda. Pointi hukusanywa tangu miezi ya baridi. Lakini ikifika Septemba, wakubwa wa mashindano huchukua madereva kumi wa juu, hulifuta pengo lote lililokuwa kati yao, huwapanga upya wakiwa wamekaribiana kama meno ya kitana, na kusema: haya, lala salama imeanza, mbio sita za mwisho ndizo zitakazoamua.

Mwaka huo dereva aliyeshabikiwa na Luther, Tessa Brandt, alikuwa amewaacha wenzake mbali hata hawaoni vumbi lake. Wakubwa wakamfuta. Akabaki mbele kwa kiganja tu.

Kwa hiyo Luther alikuwa na la kusema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na wa kumwambia. Watu walikuwa kwenye turubai la jirani.

Jirani mwenyewe aliitwa Dwayne Prickett, fundi mabomba mstaafu kutoka Maryland, mwenye karavani jipya, mabega mapana, na pipa la kuchomea nyama kwa moshi ambalo harufu yake ilivuka uzio na kumkamata mtu pua kama anayekamatwa mkono. Mashabiki wa kambi walimjua tangu Juni tu. Juni! Na sasa Septemba alikuwa akimwita kila mtu kwa jina, na watoto wao, na mbwa wao.

Luther angesamehe nyama. Angesamehe hata karavani. Asilolisamehe ni kwamba Arlene alikuwa akicheka kule.

Arlene Reppert alikuwa mjane wa Norman, na Norman alikuwa rafiki wa Luther wa chanda na pete. Zamani walikaa watatu chini ya lile turubai la buluu, Norman katikati. Norman alipofariki, Luther hakukiondoa kiti cha katikati mpaka mwaka wa pili, na alipokiondoa hakukisogeza chake. Tangu hapo, kila mbio, yeye ndiye aliyemfungulia Arlene kiti chake cha kijani, aliyemtunzia vikinga masikio katika sanduku lake la spana, aliyemletea kahawa asubuhi yenye maziwa mengi kama anavyopenda. Kuhusu moyo wake, hakusema kitu. Aliona kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kambi nzima ilijua. Wake za watu walikuwa wamechoka kungoja.

"Mzee mwenzangu," alisema Bucky Heim, akija na sahani ya nyama ya jirani mkononi. Bucky alikuwa redio ya kambi. Ukitaka jambo lifike upande wa pili, humtumi, unamwambia asimwambie mtu. "Mbona umejikunyata peke yako kama kuku wa mvua? Njoo kule, wanabishana pointi."

"Bila mimi?"

"Bila wewe. Na Arlene yuko upande wa Dwayne."

Luther aliiacha supu yake jikoni akaenda.

Alimkuta Dwayne amesimama na koleo la nyama, watu wamemzunguka, na Arlene ameketi karibu na pipa, shavu jekundu kwa joto. Luther hakusalimu.

"Niambieni," alianza. "Mtu amelima tangu Februari. Amepalilia, ameamka na baridi, mvua yote yake. Siku ya kugawana magunia anatokea mtu anasema, jamani, tuanze upya. Hiyo haki imetoka kitabu gani?"

"Ee, kaanza!" watu wakashangilia. Walikuwa wamemkosa kidogo, na hilo lilimpoza.

"Kaka Luther," Dwayne alisema kwa upole unaoudhi, "gunia la Tessa halijaibiwa. Bado yuko mbele."

"Mbele kwa kiganja!"

"Kiganja ni mbele. Sasa angalia: bila kufuta, bingwa tungemjua tangu Agosti. Sisi tungekuja kufanya nini hapa? Mimi mwenyewe nisingekuja."

"Usingekuja," alisema Luther. "Hilo nalo tulitazame."

Watu wakaangua kicheko, Bucky akapiga paja. Dwayne naye akacheka, tena cheko la mtu mwenye nafasi ya kucheka, halafu akageuka: "Arlene, wewe unaonaje?"

Arlene alipangusa vidole. "Mimi naona mtu akiongoza muda mrefu sana analegea. Anaanza kudhani kombe ni lake kwa sababu amelizoea."

Lilikuwa jibu la mbio. Luther akalichukua kama kibao. Kilichomuuma zaidi ni kumwona Dwayne akimkatia Arlene kipande cha pembeni, kile cheusi chenye mafuta, bila kuuliza kama anakipenda. Arlene alikipenda. Miaka yote hiyo Luther hakuwa amelijua hilo.

Wivu ni mshauri mbaya lakini ana maneno matamu. Mchana ule mafundi wa Tessa walikuwa wakiunganisha injini upya kwa ajili ya raundi inayofuata, na kama desturi, mashabiki walikwenda kusimama kwenye kamba kuangalia injini ikijaribiwa. Sasa, wenyeji wa mbio hizi wanajua: nitro, mafuta yanayotiwa kwenye magari haya, si petroli. Fundi akivaa kinyago, wewe rudi nyuma, simama upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wake unaingia machoni kama pilipili na kooni kama mwiba. Anayesimama mkabala na ekzosi ni mgeni, au ana deni la machozi.

"Dwayne," alisema Luther, na sauti yake ilikuwa ya asali. "Wewe hujawahi kuisikia injini ya Tessa karibu, ee? Nenda usimame kule nyuma, kushoto, mwisho wa kamba. Ndiko inakosikika vizuri."

"Ahsante, kaka. Kumbe una roho nzuri, wananisingizia tu."

Bucky alimtazama Luther, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa Bucky hilo lilikuwa tukio la mwaka.

Luther alisimama upande wa upepo, mikono mfukoni, akingoja starehe yake. Fundi akavaa kinyago. Injini ikanguruma, vifua vikatetema. Na hapo ndipo Luther alipomwona Arlene, kofia yake nyeupe, anakatiza kati ya watu kwenda mwisho wa kamba, kushoto, ubavuni mwa Dwayne.

"Arlene!" aliita. Nani atasikia? Fundi akakanyaga mafuta.

Moshi uliwafunika wote wawili. Watu walikohoa, wakasukumana, wakakimbia. Luther alikimbia kinyume chao, mkono puani, akijiona mwuaji. Aliwakuta wamejiinamia juu ya kamba, machozi na makamasi yakiwatiririka, Arlene amemshika Dwayne mkono kwa sababu haoni. Alikuwa akitetemeka mabega. Luther alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mungu wangu!" alisema alipopata pumzi. "Mungu wangu, tangu Norman! Norman alikuwa akinileta hapa hapa, tunalia kama watoto. Sijasimama hapa tangu afe."

"Arlene, ni hatari kwa macho, mimi siku zote nakuweka—"

"Najua unaniweka, Luther." Alijipangusa kwa kiganja. "Unaniweka pale upepo unakotoka, salama, sisikii hata harufu. Sijui nani alimwelekeza Dwayne hapa, lakini Mungu ambariki."

Dwayne, macho mekundu kama nyanya, akamwonyesha Luther kwa kidole. "Ni yeye! Huyu huyu!"

Arlene akamtazama Luther. Alikuwa amekaa na mashabiki maisha yake yote. Hakuna asichokijua kuhusu mwisho wa kamba, kushoto. Alimtazama, tabasamu likapungua upande mmoja. Jioni ile, jua bado liko juu ya mahindi, alikuja kwenye turubai la buluu, akakunja kiti chake cha kijani na kukibeba kwenda kwa jirani. Vikinga masikio aliviacha kwenye sanduku la spana.

Jumapili Luther alikwenda jukwaani na nafsi yake iliyokonda. Bucky aliketi pembeni yake, habari imemkaba.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Sema tu."

"Dwayne kamwomba Arlene wafuatane kwenye mbio zijazo, za Carolina. Kwenye karavani. Amesema lina jiko, lina bafu, na vyumba viwili, ametaja hivyo vyumba viwili mara mbili."

"Naye?"

"Amesema atafikiri." Bucky akashusha pumzi. "Luther, ndugu yangu, chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Nakwambia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu mke wangu amenituma."

Chini, Tessa Brandt alisogea kwenye mstari na kijana mmoja, Cody Vance. Gari la Tessa ndilo lililokuwa na mbio zaidi, kila mtu alilijua. Taa ikawaka kijani. Cody akaondoka. Tessa naye akaondoka, lakini baada ya kupepesa jicho, na katika mbio hizi kupepesa jicho ni usingizi mzito. Alimfukuza Cody, akamkaribia, wakavuka mstari pua ya Cody ikiwa mbele. Gari lenye kasi zaidi ndilo lililoshindwa. Hakuna kushindwa kunakouma kama huko, kwa sababu huna fundi wa kumlaumu.

Tessa akawa ametolewa; alasiri Cody akashinda raundi zote zilizobaki, na uongozi wa Tessa ukaenda. Kwa hesabu ya zamani angekuwa bado kileleni, miguu juu ya meza. Kambi ilipolijua hilo, ikamkimbilia Luther. Watu walikusanyika kati ya maturubai mawili, sahani mikononi, kama waliokuja harusini kusikiliza hotuba. Mwaka huo Luther alikuwa amepewa hoja iliyopikwa, ikapakuliwa, ikawekwa chumvi.

"Haya mzee!" Bucky akapaza sauti. "Wameiba mchana kweupe au hawakuiba? Mwaga!"

Luther alisimama. Alimwona Arlene kwenye kiti cha kijani, na mkono wa Dwayne kwenye mgongo wa kiti hicho, si juu ya Arlene, juu ya kiti tu, lakini ulikuwa pale, mpana, umetulia kama paka wa nyumba. Luther akapiga hatua moja mbele. Akafungua mdomo.

"Mimi naona," alisema, "mfumo una maana yake."

Kijiko cha mtu kikaanguka.

"Luther," Bucky alinong'ona, "umekula nini?"

"Nasema una maana yake! Mtu amelala kwenye taa. Amelala kwa sababu alizoea kuwa mbele. Mwacheni afutwe. Lakini hesabu hiyo hiyo iliyomshusha inamwachia mlango, maana mbele yake si mbali. Mbio tano bado. Anaweza." Akamtazama Arlene. "Anaweza, kama ataamka."

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyekuwa mjinga. Mke wa Bucky alijishika kifua.

Arlene aliweka sahani chini. "Na mtu huyo, Luther, akiwa ameshindwa, ndiyo ruhusa ya kumpeleka mwenzake kwenye moshi?"

"Hapana." Masikio yalimwaka. "Dwayne, nilikutuma pale makusudi. Nilitaka ulie."

"Nililia," Dwayne alisema. "Lilikuwa jambo bora la wikiendi yangu."

Ndiyo hiyo, Dwayne hata nafasi ya kumchukia vizuri hakumpa. Luther akamgeukia Arlene kabla ujasiri haujapoa. "Arlene, twende Carolina na mimi."

"Kwa gari gani? Lile lako lisilo na kipasha joto?"

"Hilo hilo."

"Na tusimame wapi, upande wa upepo?"

"Popote utakaposema. Mwisho wa kamba, kushoto. Tulie wote."

Arlene aliinuka. Alikikunja kiti cha kijani, taratibu, kama mtu anayejua kwamba watu wote wanahesabu mikunjo. Akapita na kukiegemeza kwenye gari la Luther.

"Kiti kitangulie," alisema. "Mwenyewe nitakupa jibu Jumatano. Na usije na kahawa, Luther. Njoo na maneno."

Kambi ikalipuka kwa vigelegele. Luther alisimama akitabasamu kama mpumbavu, mpaka alipoona Arlene amerudi kwa jirani kumalizia nyama yake, na Dwayne anamwongezea kile kipande cheusi cha pembeni, naye anakipokea kwa mikono miwili.

Alikwenda kukifunga kiti nyuma ya gari. Kamba ikamponyoka. Kivuli kipana kikasimama karibu yake. Dwayne akaichukua kamba bila kuombwa, akaizungusha mara mbili, akaikaza.

"Hapo hakianguki hata ufike Carolina," alisema, akampiga bega. "Tutaonana huko, kaka."

Luther alingoja mpaka jamaa amekwenda. Akalishika lile fundo ili alifungue, alifunge upya kwa mkono wake mwenyewe. Akalivuta huku, akalisukuma kule. Lilikuwa fundo zuri, zuri kuliko lake. Akaliacha, akaenda kupasha supu.