Yangu Itakuwa Ipi?

Veneranda alitoka Ilomba, Mbeya, akaenda kupanga mji mpya wa bustani kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Kalenga. Iringa mjini watu walikuwa wanagombania vyumba vya kupanga, na kampuni iliyomwajiri ilitaka nyumba zizunguke bustani, kila familia iwe na miti ya matunda mlangoni. Kazi aliipenda. Yeye mwenyewe alikulia kwenye nyumba zilizobanana hadi nguo zikaanikwa dirishani.

Siku ya kwanza kilimani ukungu ulikuwa mzito. Gideon, mpima ardhi, alikuwa upande wa pili. Veneranda alimsikia tu akikohoa. Mwanamke akatokeza kwenye ukungu, amejifunga kaniki, beseni kichwani.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene, mama."

"Nasikia mnajenga."

"Tunajenga, mama. Nyumba nyingi tu."

"Sisi tulihamishwa kutoka hapa enzi za vijiji vya ujamaa. Tukaambiwa tutarudi. Yangu itakuwa ipi?"

Veneranda alidhani ni utani. Akanyoosha kidole mahali bustani kuu itakapoishia. "Ile ya pembeni. Hiyo yako."

"Asante, mwanangu."

Ndipo alipomtazama vizuri. Enzi za vijiji ni miaka hamsini iliyopita, na huyu aliyemwita mwanangu alikuwa msichana, mdogo kuliko yeye. Ukungu ukamfunika.

Gideon akaja mbio. "Dada Vene, ulikuwa unaongea na nani?"

Waliangalia chini. Majani yalikuwa yamelala kwa umande, na hakuna aliyeyakanyaga isipokuwa wao wawili. Hawakulizungumza tena.

Nyumba zikajengwa, zikauzika upesi. Ile ya pembeni waliichukua Jailos, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, na mkewe Joyness. Hawakumaliza mwezi, wakarudisha funguo.

"Hakuna aliyetutisha, dada," Joyness alimwambia Veneranda. "Ila mchana nikiingia jikoni nakuta jiko lina moto na harufu ya mboga, wakati sijapika. Juzi nafagia sebuleni, mtu nyuma yangu akasema, 'Pumzika, mgeni.' Kwa upole kabisa. Nikaona aibu kushika ufagio wake."

Veneranda alikwenda peke yake, jua likiwa utosini. Akabisha hodi kwenye nyumba tupu.

"Karibu," sauti ikaitika.

Aliingia. Sakafu ilikuwa mbichi, imetoka kupigwa deki. Hakuona mtu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Siku ile nilikujibu ovyo."

Kisha, kutoka jikoni, sauti ileile ikasema, "Mimi nimeshafika, nashukuru. Wenzangu mmewapangia wapi?"

Dirishani aliona mapaa mapya yakishuka kilima kizima, kila moja na wenyewe, nguo za watoto zikipepea bustanini. Alirudi kinyumenyume hadi nje, na wiki hiyohiyo akaacha kazi, akarudi Mbeya.

Masika yalipoanza, Gideon alimpigia simu. Mtaa wa pili wote pale kilimani ulikuwa unahama.

"Wanafukuzwa?" Veneranda aliuliza.

"Hapana, dada. Wanakirimiwa," Gideon alisema. "Wanakirimiwa kama wageni kila siku, hadi wanaona haya kuendelea kukaa."