Nyuma ya Kadi

Hasira za Bi Kamusi, kama wenzake walivyomwita mhariri huyu wa kamusi, hazikuwa za kupanda polepole. Zilimpanda mara moja asubuhi ile, alipoikuta kadi yake ya neno "kisimfoni" imepitiwa na kalamu nyekundu. Maana ilikuwa imeachwa: -a muziki mrefu ulioandikwa kwa ajili ya okestra nzima. Mfano ndio uliokatwa. Yeye alikuwa ameandika, "Fundi viatu yule alipiga muziki wa kisimfoni miaka thelathini." Mwenyekiti wa jopo la kamusi akaweka, "Watu wenye elimu hupenda muziki wa kisimfoni." Na kurasa zilikuwa zinakwenda kuchapwa siku hiyohiyo.

Fundi viatu huyo alikuwa baba yake mzazi.

Ofisini mwao kulikuwa na kanuni moja, aliyoitunga Mwenyekiti mwenyewe: kila mfano utoke kinywani mwa mtu, na nyuma ya kadi iandikwe kazi ya msemaji. Bi Kamusi akaigeuza kadi. Nyuma, kazi ya msemaji wa kwanza ilikuwa imekatwa, na nyingine haikuandikwa. Akauliza ni nani aliyesema maneno hayo. Mwenyekiti akajibu kwamba jambo hilo linajulikana, na kwamba hakuna msomaji atakayeamini habari za fundi viatu. Nyani haoni kundule, Bi Kamusi akawaza, akashuka ngazi bila kuaga.

Baba yake alishona viatu ng'ambo ya barabara. Akapandishwa juu akiwa na aproni yake, msharasi wa kutobolea ngozi bado mkononi, akaulizwa neno lile linatumikaje. Mzee akafikiri.

"Tarumbeta yangu ilinyamaza zaidi kuliko ilivyolia," alisema. "Kwenye muziki wa kisimfoni unahesabu kimya chako, unawasikiliza wenzako. Ukiingia kabla ya zamu yako, umewaharibia watu sabini."

Mwenyekiti akakohoa, akakubali mfano huo uingie, ila nyuma ya kadi iandikwe "mwanamuziki mstaafu". Itapendeza zaidi, alisema.

"Yaishe, mwanangu," mzee akamwambia bintiye. "Andika wanavyotaka."

Hapo ndipo hasira ilipomchoma kweli, maana baba alikuwa ameshauficha mkono wenye gundi chini ya aproni. Bi Kamusi akachukua kalamu ya wino, akanakili maneno ya mzee mbele ya kadi, na nyuma akaandika "fundi viatu", akakandamiza hata wino ukapenya na kutokea upande wa pili. Kisha akamkabidhi Mwenyekiti kadi, akamtaka aisome kwa sauti, mbele na nyuma.