Lukmani Alivyomwosha Mufu wa Profesa

Kwanza nieleze juu ya mwalimu Anatole, maana dharau yangu kwake bado ina afya nzuri kuliko mimi mwenyewe. Alikuwa mtu wa Fizi, mlimani, na aliamini kwamba Mungu alipomaliza kuumba milima alitema mate, ndipo ikapatikana Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Njia aliyoipasua kwenye nywele kwa kitana ilikuwa pana, camion mbili za mizigo zingepishana humo.

Mwaka wa 1957 université moja ya kusini iliita wanafunzi kwenye musée yake, jumba la vitu vya kutazama, kwa siku za sayansi. Mshindi angepata nafasi katika école ya ba-infirmier, shule ya wauguzi. Anatole akamchagua Fabien, mtoto wa dada yake. Mkubwa wa shule alipomkazia macho, akatuongeza wawili wa Baraka: Lukmani na mimi.

Lukmani aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Baba yake, mzee Mashaka, alikwisha kumwambia: "Ukirudi mikono mitupu, unaingia ku mutumbwi pamoja na mi." Na yeye, ingawa mtoto wa mvuvi, alikuwa akitapika hata akinawa miguu. Kwenye mashua ya Albertville alitapika sana, samaki wakatusindikiza mpaka bandarini, wengine nusura wapande nasi treni ya kusini.

Kwenye musée ilisimama mifupa ya mtu mzima, imefungwa kwa waya, rangi ya kahawia.

"Huyu nilimuchimbua mi mwenyewe," profesa aliyetupokea akasema, "kwa hii mikono, kando ya ziwa yenu."

Nikaitazama mikono hiyo. Haikuwahi kuchimbua hata muhogo.

Mtihani ulikuwa kugusa mfupa na kutaja jina lake kwa Kifaransa. Fabien akagusa ubavu, akauita goti. Anatole akampigia makofi. Zamu ya Lukmani ilipofika, akaficha mikono mgongoni.

"Siwezi kumugusa, mwalimu. Ni mutu wa kwetu. Nani alimuosha? Nani alimuzika?"

"Batu ba maji!" Anatole akacheka, akimchungulia profesa kama naye anacheka. "Anaogopa mifupa, na anataka kuwa infirmier!"

"Siogopi. Niache tu nimuoshe kwanza."

"Utagusa kisha ya chakula," profesa akasema, "ao utarudia kwenu." Wakaenda kula, Fabien nyuma yao.

Mjomba wake Lukmani ndiye aliyekuwa akiosha wafu pale Baraka, na Lukmani alimsaidia tangu alipoweza kubeba ndoo. Basi hakuuliza mtu. Akaleta maji kwa ndoo. Akanipa pazia la dirisha nilishike kumsitiri marehemu. Akaanza upande wa kuume, polepole, huku akinong'ona dua na kutaja mifupa: humérus, radius, cubitus.

"We, geuza uso! Usimuchungulie!"

"Lukmani," nikasema, "marehemu anapunguka."

Maji yalikuwa meupe kama maziwa ya Bibokoboko, kwa wafugaji wa mlimani. Kidole kikaanguka ndooni. Kisha kiganja kizima. Nikanusa: ni plasta, ile wanayofungia mtu aliyevunjika mguu.

Hapo mlango ukafunguka. Profesa, Anatole, na direkta wa jumba, mzee mkavu aliyekulia Albertville na kusema Kiswahili chetu.

"Mifupa ya miaka elfu!" profesa akalia.

Anatole alikwisha kushika sikio la Lukmani. "Nilisema, bwana direkta! Huyu arudie samaki yao leo leo!"

Direkta akachovya kidole ndooni, akakisugua. "Profesa, mifupa gani inayeyuka kama sukari? Si uliniambia uliichimbua?"

Profesa akaeleza unyevu. Akaeleza udongo. Akaeleza joto la ziwa ambalo, nadhani, hakuwahi kuliona, mpaka mate yakamwishia. Diploma zake zote zilimwangalia kutoka ukutani, hata moja haikumsaidia.

"Na we," direkta akamgeukia Lukmani, "ulifanya nini?"

"Nilikuwa namuosha, bwana. Lakini sasa naona hakuzaliwa."

"Kama hakuzaliwa, unaweza kumugusa. Taja."

Lukmani akataja kutoka fuvu mpaka kisigino. Mifupa iliyoanguka aliitoa ndooni mmoja mmoja, akaitaja ikichuruzika maji. Direkta akampa nafasi pale pale, bila kumwuliza profesa.

Tuliporudi, Anatole alituwahi kuruka ufukweni Baraka. Tulimkuta katikati ya watu, ametanua kifua. "Toka mwanzo niliona ile ni plasta," alikuwa akisema. "Ndiyo sababu nilimutuma mutoto aoshe!" Bamama wakampigia vigelegele. Mzee Mashaka, kwa furaha, akamkabidhi jogoo mkubwa kama mbuzi.

Nikafungua mdomo. Lukmani akanivuta shati.

"Muache," akasema. "Mi naondoka. Anatole atabaki na Anatole maisha yake yote."